Kijani ni Chake au Mkoani?

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Nina takwimu za wakulima wa karafuu wa wilaya nne za Pemba: kilo za mbichi walizoanika na kilo za kavu walizopata. Nimechora grafu ya nukta kwa programu ya takwimu ya R, kila wilaya na rangi yake. Rangi zimetoka vizuri, ila ufunguo, yaani kile kibandiko cha kutaja rangi, unasema nukta nyeusi, zilizo juu kuliko zote, ni za Micheweni. Mwenzangu ananiambia niifute R niipakue upya. Fundi wa duka la kuchapishia anataka shilingi 20,000 anirekebishie rangi. Nifanyeje? (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Umesalimika kwa kuwa wewe ni Mpemba. Mgeni angeliona Micheweni inaongoza kwa karafuu, akaandika hivyo hivyo na kwenda zake. Wewe unaijua ardhi ile ya mawe, ukasita. R yako haina ubovu, na hiyo elfu ishirini kaa nayo.

Msimbo wako hukunitumia, lakini kama naujua, maana huu huniletea watu kila ukikaribia muda wa kukabidhi tasnifu. Rangi za nukta umezitoa kwa `factor`, majina ya ufunguo umeyatoa kwa `unique`. `factor` hupanga kwa alfabeti: Chake Chake, Micheweni, Mkoani, Wete. `unique` haipangi kitu, huyachukua majina kama yalivyotangulia kwenye jedwali, na wewe bila shaka uliyaingiza kutoka kaskazini kushuka kusini: Micheweni, Wete, Chake Chake, Mkoani. Ziweke orodha mbili hizo sambamba, hutaona hata jina moja lililokaa pake. Nyeusi ni Chake Chake. Nyekundu unayoisoma Wete ndiyo Micheweni, kijani unayoisoma Chake ndiyo Mkoani, na buluu ni kwenu Wete.

Geuza safu ya wilaya iwe fakta, yaani safu ya makundi, mara moja tu, mwanzoni, kisha majina yatoe humo humo:

`d$wilaya <- factor(d$wilaya)`
`legend("topleft", legend = levels(d$wilaya), col = 1:4, pch = 19)`

Nukta nazo zichore kwa `col = d$wilaya` na `pch = 19`. Ukitaka mpangilio wako wa kaskazini kwenda kusini, utaje ndani ya `factor` kwa `levels`, na rangi zitafuata. Basi.

Linalonichosha mimi ni ile imani kwamba ufunguo umeusoma mchoro. Haujausoma! Amri ya `legend` katika R ya kawaida haijui kama kuna nukta, haijui karafuu wala Pemba. Unaipa majina na rangi, inachora kibandiko pembeni. Ukiiambia nyeusi ni Unguja itaandika Unguja. Ndiyo maana hukuona onyo lolote jekundu: kwa kompyuta hakuna kosa lililotokea. Kwa Python angalau mtu hushtuka, kwa sababu akichora makundi yote kwa amri moja ya `scatter`, ufunguo humtolea jina moja tu. Huku kwetu uongo hutoka umepangika vizuri.

Na huyo fundi atafanya nini? Atabadilisha rangi kwa mkono mpaka picha ifanane na unachokitarajia. Huko si kurekebisha, ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Kesho ukiongeza wakulima wapya, na mmoja kaandikwa "Chake chake" kwa herufi ndogo, hilo kwa R ni kundi la tano. Rangi zinasogea, na alichokipaka hakifai tena. Nafasi moja iliyoachwa baada ya jina nayo huleta balaa hilo hilo. Kwa hiyo kabla ya kuchora, ita `table(d$wilaya)` uhesabu makundi.

Wapo watakaokwambia uhamie ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea grafu, uondokane na haya. Ni kweli kwamba humo ufunguo huzaliwa pamoja na nukta, mpaka pale utakapoandika `labels` kwa mkono ndani ya `scale_colour_manual`. Hapo umeurudisha ugonjwa ule ule kwa mlango wa nyuma, na nimeuona kwenye ripoti zilizojaladiwa tayari, zenye mihuri, ambazo watu wamezitumia kuamua wilaya ipi ipewe majamvi ya kuanikia na ipi isipewe. Mtu aliyechora hajui mpaka leo.

Ukishamaliza, jihakikishie kwa macho. Chora wilaya moja peke yake, Micheweni kwa mfano, uone kama zile nukta zimekaa pale pale zilipo kwenye grafu kubwa. Na kwa kuwa tasnifu hutolewa kopi nyeusi na nyeupe, kila wilaya ipe pia umbo lake, duara, pembetatu, msalaba, kwa `pch = as.integer(d$wilaya)`, na kwenye `legend` weka `pch = 1:4`.

Kama ile grafu ya mwanzo umeshaipeleka kwa msimamizi wako, mwandikie leo.