Chuma kipya kwenye nyumba ya kale: anzia ukutani

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya kufua vyuma vya nyumba za zamani huanza na michoro ya maua na mizunguko. Iweke kando kwanza. Grili, kizuizi cha roshani au reli ya ngazi kwenye nyumba ya zamani huharibikia sehemu mbili: kwenye vipimo vilivyochukuliwa haraka, na pale chuma kinapoingia ukutani. Urembo unafuata nyuma, na mara nyingi nyumba yenyewe imeshakuamulia. Kama nyumba imeorodheshwa kuwa ya urithi, kibali kitangulie hata oda ya vyuma.

Usiuamini ukuta. Pima uwazi wa dirisha juu, katikati na chini, pima mishazari yote miwili, kisha shusha timazi kila upande. Tuseme juu umepata mm 1,000 na chini 985. Ukitumia nondo za mraba za mm 16, na pengo lisizidi mm 100 (kiwango kinachotumika sana kwenye kanuni za vizuizi, kwa ajili ya watoto), utahitaji nondo 8 na mapengo 9. Juu kila pengo litakuwa mm 96.9, chini mm 95.2. Tofauti hiyo hakuna jicho litakaloigundua. Ukizisimamisha nondo zote sawasawa na timazi na kuusukumia upungufu wote kwenye pengo la mwisho, mpita njia atauona kabla hajafika mlangoni. Kwa ngazi na matao namba pekee hazitoshi: kata kiolezo cha plaiwudi ya mm 6, kijaribu palepale, na uandike juu yake upande upi ni wa nje. Bila alama hiyo, kipande hutoka karakana kikiwa kizuri lakini kimegeuka.

Kazi nyingi za zamani zilipimwa kwa inchi. Nondo ya inchi 5/8 inakaribiana sana na mm 16, hiyo haina shida. Ya nusu inchi ni mm 12.7, na ukiweka mm 12 kando yake itaonekana nyembamba kuliko unavyodhani. Bomba la mraba liepuke kabisa mahali panapoonekana: pembe zake ni za mviringo, na mwanga wa pembeni huzifichua mara moja. Kama reli ya kale ni fupi kuliko kanuni za leo, usiinyooshe michoro yake ifike juu. Ongeza reli nyembamba ya pili juu yake, isimame peke yake.

Kwenye ufuaji, hesabu urefu kwa ujazo. Ncha ya mraba inayochongoka hadi mwisho hubeba theluthi moja ya ujazo wa nondo ya urefu huohuo, kwa hiyo ncha ya mm 150 hula mm 50 tu za nondo. Bangili ya kufunga nondo mbili za mm 16 huhitaji mzingo wa nondo hizo zikilala pamoja, yaani mm 96, ukijumlisha mara mbili na nusu ya unene wa flatibaa (chuma bapa) unayoikunja. Kwa flatibaa ya mm 5 hiyo ni kama mm 108. Kata moja ya majaribio kabla hujakata thelathini. Bangili huvishwa ikiwa ya moto. Ikipoa hujikaza yenyewe. Mkia wa ribiti (pini ya chuma inayogongwa mwisho ili kuunganisha vipande) yenye kichwa cha duara uache ujitokeze mara moja na nusu ya kipenyo chake. Ukiwa mfupi kichwa hakijai, ukiwa mrefu hupinda kando ya shimo badala ya kutanuka.

Sasa ukuta, na hapa usiwe na haraka. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kuwa imefungiwa ndani ya jiwe, hulipasua jiwe. Saruji haikuokoi: kwenye ukuta wa chokaa ni ngumu kupita kiasi na hukizungushia chuma unyevu. Tengeneza mguu wa kuingia ukutani kwa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, uuchomelee kwenye nondo kwa elektrodi (fimbo ya kuchomelea) ya 309L, na kiungo hicho kikae kama mm 50 juu ya uso wa jiwe ili kipakwe rangi na kikaguliwe. Toboa bila mpigo wa nyundo, kina cha mm 75 hadi 100, na usisogelee ukingo wa jiwe. Panapowezekana, ingia kwenye viungo vya chokaa badala ya jiwe lenyewe; kiungo hujazwa upya, jiwe halirudi. Ukilazimika kumimina risasi, ile metali laini iliyoyeyushwa, kama walivyofanya wa zamani, shimo liwe kavu kabisa, kwani tone la maji hugeuka mvuke na kuirusha risasi usoni. Risasi husinyaa ikipoa, hivyo igongelee tena kwa patasi butu.

Kipande chenye miguu ya 316 kipuliziwe zinki ya kuzuia kutu, kisitumbukizwe kwenye zinki iliyoyeyushwa. Bwawa la zinki, lenye joto la karibu nyuzi 450, lina tabu zake: asidi ya kusafishia hubaki kati ya bangili na nondo na kuvuja wiki kadhaa baadaye. Bomba lililozibwa bila tundu linaweza kulipuka humo. Rangi ya mafuta ya kawaida ukiipaka moja kwa moja juu ya zinki hutengeneza kitu kama sabuni chini yake na kubabuka. Anza na praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Chuma cha kale unachokiunganisha nacho usikipige grinda kabla ya kupima kama rangi yake ina risasi.

Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka kijazio kipatane na jengo lakini kitofautishike na cha asili. Njia rahisi ni kupiga mwaka kwa stempu za chuma upande wa chini wa reli. Zipige kwa kina, kabla ya zinki, la sivyo rangi itazifukia.