Usilipie wiski ya miaka 25 kabla hujaonja wadogo zake

Mwaka wa pili tangu nihamie Aberdeen, Uskoti, nilijinyima miezi minne nikanunua chupa ya miaka 30 ya singo molti, yaani wiski ya kimea (shayiri iliyooteshwa) kutoka kiwanda kimoja. Kiwanda sikitaji, maana wapo watu wanaoipenda wiski hiyo kwa dhati. Mimi nilipoifungua nilikuta mbao. Mbao tupu, chungu, yenye kukausha ulimi kama unatafuna mswaki wa mti. Nilikuwa nimeamini kwamba 30 ni lazima iishinde 12, basi sikuonja kitu kingine chochote cha kiwanda kile kabla ya kutoa hela. Tangu siku hiyo sinunui wiski kuukuu mpaka nimewaonja wadogo zake.

Wadogo zake ni zile za umri mdogo za kiwanda kile kile. Namba iliyo kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Na miaka huhesabiwa ndani ya pipa la mwaloni tu, huko huko Uskoti, isipungue mitatu kwa sheria. Ikishaingia chupani, kuzeeka kumekwisha. Chupa ya miaka 12 aliyoiweka marehemu mjomba wako kabatini tangu 1990 ni ya miaka 12 mpaka leo.

Kwa hiyo unapolipia miaka, unalipia muda ambao wiski imekaa na pipa. Pipa lililotoka Marekani, lililowahi kukaa bourbon, wiski ya mahindi ya huko, huacha vanila na utamu wa nazi. Lililowahi kukaa divai ya sheri ya Hispania huacha zabibu kavu, tende, karafuu. Lakini pipa lililokwisha kutumika mara tatu halina tena mengi ya kutoa, hata wiski ikae humo miaka 20. Na pipa lenye nguvu bado, ukilisahau mno, huimeza wiski yote ikabaki ladha ya mti. Isitoshe, kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani; Waskoti huita fungu la malaika. Piga hesabu ya miaka 25: imebaki kama asilimia 60. Hapo ndipo bei inapopandia, na wala si ahadi ya utamu.

Kwa mtu anayeanza kulinganisha, mimi humwelekeza Glenfarclas, kiwanda kilichoko Ballindalloch, chini ya mlima Ben Rinnes, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa. Ukoo wa Grant unakimiliki tangu 1865. Wiski zake za kawaida hutegemea mapipa ya sheri, na hawatii rangi, ingawa sheria inaruhusu kutia na viwanda vingi hufanya hivyo kwa karameli. Hivyo ukiweka ya 12, 15, 21 na 25 mezani, tofauti kubwa unayoonja ni muda wenyewe. Tofauti hiyo huipati ukilinganisha kiwanda hiki na kile.

Hapo kuna mtego mmoja. Ya 15 ina kilevi asilimia 46, hizo nyingine ni 43. Kali zaidi huonekana tamu na nzito zaidi, na watu hudhani wameonja umri kumbe wameonja kilevi. Dawa yake ni rahisi. Nina sirinji ndogo isiyo na sindano, ile ya kunyweshea watoto dawa. Kwenye mililita 15 za wiski ya 46 naongeza mililita 1 ya maji, inashuka hadi 43. Sasa zote ziko sawa.

Usinunue chupa nzima nzima. Sisi tulichanga watu watatu, mimi na rafiki yangu wa Tanga pamoja na mkewe, tukapata vichupa vya kuonjea vya mililita 30, viwili kwa kila umri. Glasi ziwe zenye tumbo na mdomo mwembamba. Mtu mmoja amimine wengine wakiwa nje ya chumba, abandike namba chini ya glasi, kisha naye atoke, mwingine azipange upya. Bila hilo, jicho litasoma 25 na ulimi utakubali.

Nusa huku mdomo umeachama kidogo, pua isizame ndani ya glasi. Funda dogo, lizungushe, meza, halafu pumua kwa pua. Harufu nyingi hurudi kwa njia hiyo. Kisha ongeza matone mawili ya maji, onja tena. Na tafadhali andika kwa lugha yako. Miaka mingi niliazima maneno ya vijitabu vya hapa, maua na keki ambazo sikuwahi kuzila utotoni, na daftari langu halikunisaidia kitu. Jioni ile shemeji alinusa glasi ya tatu, akafumba macho, akasema, "Shemeji, hii ni halua. Halua iliyowekwa kwenye sanduku lenye ubani." Nikainusa tena, na sijawahi kusoma maelezo sahihi kuliko hayo.

Glasi ya tatu ilikuwa ya miaka 15. Yeye na mumewe waliipa nafasi ya kwanza. Mimi niliichagua ya 21. Ile ya 25 sote tuliiweka mwisho mara ya kwanza, tukaiacha mezani nusu saa, na tuliporudi ilikuwa imefunguka: ngozi ya mkoba wa zamani, kahawa, kungumanga, na ladha iliyokaa kooni muda mrefu kuliko zote. Kuukuu ina haki ya kusubiriwa. Ukiipa dakika tatu, umeionea.

Za moshi ziacheni jioni nyingine. Lagavulin ya 16 au Laphroaig ya 10, za kisiwa cha Islay, kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji kavu ya kinamasini, na ukizitanguliza, kila kinachofuata kitanuka papa mkavu. Nilizianza siku moja bila kujua, nikapoteza jioni nzima.

Aliyekuja na gari asionje; achukue sehemu yake kwenye kichupa akaonjee kwake. Kiwango cha kilevi kwa madereva Uskoti ni kidogo kuliko Uingereza.

Na glasi msizioshe usiku ule. Zifunike kwa kitambaa, asubuhi zinuse zikiwa kavu. Kilevi kimeruka, limebaki pipa. Asubuhi ile glasi namba tatu bado ilikuwa na halua.