Kiinua mgongo chote kwenye dhahabu?

SWALI: Mhariri, nimestaafu ualimu na ninaishi Geita. Nimepokea kiinua mgongo, na shemeji yangu ananishauri nikiweke chote kwenye dhahabu, kwa kuwa bei inapanda na huku kwetu inapatikana kwa wachimbaji wadogo. Ninazo pia bangili nilizoachiwa na marehemu mama. Je, nazo ni akiba?
Mwalimu mstaafu, Geita

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kustaafu salama. Naomba usikiweke chote, na sababu yangu ya kwanza ni kwamba sasa huna mshahara. Dhahabu haitoi riba wala gawio. Gramu mia utakazozifungia leo zitakuwa gramu mia zilezile baada ya miaka kumi, na ukihitaji fedha ya dawa itakubidi uuze, hata kama siku hiyo bei ni mbaya. Hati fungani za Serikali, yaani fedha unayoikopesha Serikali kwa muda maalumu, hulipa riba kila baada ya miezi sita, na kwa mstaafu malipo hayo ndiyo yanayoshika nafasi ya mshahara.

Bei nayo ikiharibika, inaweza kukaa hivyo kwa miaka mingi. Januari 1980 wakia moja, yaani gramu 31.1, ilifikia takriban dola 850 za Marekani. Mwaka 1999 ilishuka chini ya dola 260, na aliyenunua ilipokuwa juu kabisa alisubiri hadi 2008 kuiona tena bei aliyolipa, wakati dola yenyewe ilikuwa imekwisha kupungua nguvu.

Hata hivyo sisemi uikwepe. Mara nyingi dhahabu haifuati mwendo wa mali nyingine: mwaka huohuo wa 2008, hisa za kampuni kubwa za Marekani zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake, ilhali dhahabu ilifunga mwaka ikiwa juu kidogo ya ilipoanzia. Tena, kwa kuwa duniani huuzwa kwa dola, shilingi ikishuka, mwenye dhahabu hupata kinga. Kwa hali yako, naona sehemu moja kati ya kumi inatosha. Sehemu kubwa iende kwenye hati fungani, nyingine kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambamo fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja na kila mmoja humiliki sehemu yake, na matumizi ya miezi kadhaa yabaki benki. Dhahabu ikipanda hadi ikazidi sehemu yake, uza ile ziada.

Kuhusu kununua kwa wachimbaji, tafadhali usithubutu. Sheria inamtaka anayefanya biashara ya dhahabu ghafi awe na leseni, na asiyejua kupima usafi wake ni rahisi kuuziwa madini mengine kabisa.

Bangili za mama zihesabu, lakini kwa dhahabu iliyomo tu. Karati ni kipimo cha usafi, na dhahabu tupu ni karati 24; hivyo bangili ya gramu 20 yenye karati 18 ina gramu 15 za dhahabu halisi. Sonara ataondoa uzito wa vito, atataja bei iliyo chini ya ile ya soko, na gharama ya ufundi iliyolipwa ilipotengenezwa hairudi. Zipeleke kwa masonara wawili au watatu wazipime mbele ya macho yako, uandike karati na uzito wa kila moja. Ukikuta thamani yake imekaribia ile sehemu ya kumi, huna haja ya kununua dhahabu nyingine hata gramu moja.