Maswali yenu kuhusu Florence Li Tim-Oi, kasisi

Toleo lililopita tulimtaja kwa mstari mmoja tu Florence Li Tim-Oi, mwanamke wa kwanza kupewa daraja la ukasisi katika Kanisa Anglikana duniani. Wasomaji hamkuridhika na mstari mmoja.

Huyu mama alidai ukasisi au alipewa tu? (Msomaji wa Muheza)

Hakudai. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1907, akasomea theolojia Guangzhou, na mwaka 1941 akawekwa kuwa shemasi. Kituo chake kilikuwa Macau, koloni la Ureno. Kwa kuwa Ureno haikuwa na upande vitani, wakimbizi walimiminika huko. Desemba mwaka huohuo Wajapani wakaiteka Hong Kong, na makasisi waliozoea kwenda Macau kuadhimisha Ushirika Mtakatifu wakawa hawafiki tena. Waumini wakabaki na shemasi wa kubatiza, kuzika na kuwahangaikia wenye njaa, lakini mkate na divai hana ruhusa ya kuviweka wakfu.

Kwanza akapewa kibali cha kuongoza Ushirika hivyohivyo, bila daraja. Hapo ndipo Ronald Hall, askofu wa Hong Kong, alipoona mambo yamepinda: kama anafanya kazi ya kasisi, basi na awe kasisi. Wakasafiri wote wawili, kila mtu kutoka upande wake, wakakutana katika sehemu ya China ambayo Wajapani hawakuishika. Tarehe 25 Januari 1944, sikukuu ya Kuongoka kwa Paulo, Hall akamwekea mikono mjini Zhaoqing.

Nilisikia baada ya vita alivuliwa ukasisi. Kweli? (Nakuru)

Si kweli, ingawa wengi husimulia hivyo. Alichorudisha mwaka 1946 ni leseni, yaani ruhusa ya kuhudumu kama kasisi. Daraja lenyewe hakulikana. Askofu wake alikuwa akibanwa na wakubwa wa kanisa, naye akaona afadhali akae kando kuliko Hall aumie. Mimi hapa huwa nashindwa kunyamaza: wanaume walibishana, mwanamke ndiye aliyelipa. Mwaka 1948 kanisa la China liliomba ukasisi wa wanawake ujaribiwe kwa miaka 20. Mkutano wa Lambeth, unaowakutanisha maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, ukakataa.

Wakati huo Li yuko Hepu, karibu na mpaka wa Vietnam, akiongoza parokia. Alianzisha huko nyumba ya kujifungulia, kwa sababu watoto wa kike walikuwa wakiuawa wakishazaliwa.

Wakomunisti walimfanya nini? (Msomaji wa Morogoro)

Makanisa yalifungwa mwaka 1958, akapelekwa kufanya kazi shambani, baadaye kiwandani. Kipindi cha Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufuta mila na dini za zamani, vijana wafuasi wake walioitwa Walinzi Wekundu walimpa mkasi wakamlazimisha ayakate mavazi yake ya ibada kwa mikono yake mwenyewe. Vazi la kasisi unaweza kulishona upya, lakini kusimamiwa namna ile ni jambo jingine.

Na jina la Florence kalitoa wapi?

Alijichagulia wakati wa ubatizo, kwa kumheshimu Florence Nightingale, yule muuguzi wa Kiingereza.

Alikubaliwa lini hatimaye? (Mombasa)

Mlango ulifunguka mwaka 1971, pale Askofu Gilbert Baker wa Hong Kong alipowapa ukasisi Jane Hwang na Joyce Bennett. Li naye akatambuliwa tena. Hakuwekewa mikono upya, maana daraja lake la 1944 lilikuwa palepale. Miaka ya 1980 akahamia Kanada na kuhudumu Toronto, na mwaka 1984 miaka 40 ya ukasisi wake ikaadhimishwa Westminster Abbey, London. Alifariki Februari 1992. Novemba mwaka huohuo Sinodi Kuu, yaani baraza la maamuzi la Kanisa la Uingereza, ikapiga kura kuruhusu makasisi wanawake, na wa kwanza wakawekewa mikono Bristol mwaka 1994.

Kenya wana askofu mwanamke, sisi Tanzania je? Kwetu padri anasema hata makasisi wanawake hawaruhusiwi. (Zanzibar)

Wa Kenya ni Rose Okeno wa Butere, aliyewekwa wakfu Septemba 2021. Miezi michache kabla yake Emily Onyango alikuwa amekuwa askofu msaidizi wa Bondo. Kwa upande wa Tanzania, padri wako hajakudanganya, ila amezungumzia dayosisi yenu. Suala la makasisi wanawake limeachiwa kila dayosisi iamue, ndiyo maana mgeni kutoka Dodoma akija kwenu hushangaa, na wewe ukienda Dodoma utashangaa vilevile.