Baridi ya Juni ikiingia, kaa ufukuze kuku

Huku Mafinga, mkoani Iringa, mvua huanza Novemba na kuaga mwishoni mwa Aprili, au Mei ikijisikia. Katikati hapo hukai: kupanda, palizi ya kwanza, palizi ya pili, mbolea ya kukuzia, kugombana na ngedere. Kisha asubuhi moja unatoka nje, pumzi inafuka mdomoni kama moshi na nyumba ya jirani huioni. Kipupwe kimeingia.

Miaka mingi nilikipokea kwa jembe. Mahindi hayajakauka sawasawa, mimi nishateremka kulima vinyungu, bustani zetu za bondeni. Mwaka mmoja nilivuna mbiombio ili niwahi huko, nikajaza viroba, nikashona. Agosti nafungua, vitatu vimeota ukungu. Kumbe ukungu wa nje naukimbia, wa ndani naufungia mwenyewe! Hata kuku sikuthubutu kuwapa, kwa kuogopa sumukuvu, sumu ya ukungu huo.

Tangu hapo Juni naiachia nafasi. Mahindi yanasubiri shambani mpaka yainame, ndipo nivune, nipukuchue na kuanika kwenye turubai. Sianiki kabla ya saa nne. Ukungu haujainuka bado. Kujua kama yamekauka, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha turubai juani.

Na siku hizo zote mwenye mahindi afanye nini? Akae. Mimi nabeba kigoda, najifunga blanketi, kazi yangu ni kufukuza kuku. Ndiyo likizo niliyonayo, na sijaona nzuri kuliko hiyo. Jua la Juni halichomi, linakukanda mgongo.

Jioni magunzi yanaivisha makande, na jikoni hakuna anayetaka kutoka. (Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata baridi ikuume vipi. Hewa yake huua watu usingizini.) Usiku nyota zikijaa, toa blanketi la pili mapema: hakuna mawingu ya kulifunika joto la ardhi, alfajiri itauma.

Juzi mjomba alipita, jembe begani.

“Kamwene! Vinyungu vyako vimejaa magugu.”

“Kamwene, mjomba. Nimeyaona.”

Akaangalia turubai, akaangalia kigoda changu. Akalaza jembe chini, akauliza kama makande ya jana yalibaki.