Mwanangu kaandika DGA badala ya dagaa, nimpeleke tuisheni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa binti wa miaka mitano na miezi mitatu, tunakaa Igoma, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Yuko chekechea. Juzi karudi na karatasi, kamchora baba yake miguu imetokea kichwani moja kwa moja, tumbo hakuna, pembeni kachora dagaa wameanikwa afu kaandika DGA na hiyo D yenyewe kaigeuza. Mwalimu kampiga kosa kubwa jekundu. Mtoto wa jirani umri uleule yuko ingilishi midiamu na anasoma kitabu kabisa, yani usiku sikulala. Baba yake anataka tuisheni ya jioni, bibi yake anasema achapwe kidogo atashika. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza hiyo karatasi usiitupe, iweke vizuri, halafu fanya hivi, tamka dagaa polepole huku unapiga makofi: da, ga, a. Makofi matatu. Mwanao kaandika herufi ngapi? Tatu! D ya da, G ya ga, na ile A kaiweka mwishoni kwasababu silabi ya mwisho ya dagaa ni a tupu, haina mwenzake. Huyo mtoto hajakosea ovyo, kalisikia neno, kalikata vipande mwenyewe kichwani na kila kipande kakipa herufi yake, na sidhani kama kuna mtu alimfundisha hivyo. Mwambie aandike samaki, usishangae ukiona SMK. Kinachofuata ni kugundua kwamba ndani ya da kuna sauti mbili, na hapo Kiswahili kinambeba maana irabu zetu ni tano tu na a ni a popote utakapoikuta, sio kama Kiingereza ambako herufi hiyohiyo inabadilika mlio neno kwa neno. Kwahiyo huyo wa jirani anapanda mlima mwingine kabisa, muache apande wake.

D kugeuka isikunyime usingizi. Tangu azaliwe mwanao anajua samaki sato akiangalia kulia ni sato, akiangalia kushoto ni sato yuleyule. Leo ndo anakutana na vitu ambavyo ukivigeuza vinakuwa vingine, b inakuwa d, lazima macho yachukue muda kuzoea. Mpaka miaka saba hivi ni kawaida.

Na baba asiye na tumbo, ulimuuliza tumbo liko wapi? Muulize kwa upole. Watoto wengi watakuonyesha liko palepale katikati ya miguu, kwao lipo sema halijazungushiwa mstari. Wengi wanachora hivyo wakiwa na miaka mitatu, minne, wengine mpaka mitano, kiwiliwili kinakuja chenyewe.

Tuisheni hapana mama, jioni mtoto wa miaka mitano acheze. Hizo KKK zenyewe, kusoma, kuandika na kuhesabu, kazi yake kubwa ni darasa la kwanza na la pili, chekechea ni kumuandaa. Kuchapwa pia hapana, atajifunza kuiogopa penseli na akiiogopa hata hiyo DGA hutaiona tena. Ila bibi mpeni kazi, atege vitendawili na asimulie hadithi kila usiku, maana mtoto anayecheza na maneno masikio yake yanafunguka. Wewe ukiwa unaanika dagaa mpe kijiti aandike mchangani, mkipanda daladala mtafute herufi za jina lake kwenye kibao cha Igoma au Buhongwa, na akiandika DGA usifute, andika dagaa chini yake huku mnatamka wote.

Cha kumuwahisha hospitali ni hiki: anasogeza karatasi mpaka puani, ukimwita kwa nyuma haitiki, watu wa nje hawaelewi anachoongea, au alikuwa anajua vitu sasa vimepotea. Hapo apimwe macho na masikio, msisubiri darasa la kwanza.

SWALI: Mwalimu, niko Ukerewe, kijana wangu wa miaka minne anachora kwa mkono wa kushoto na babu yake anamfunga kitambaa ili atumie wa kulia. Ni sawa?

JIBU: Sio sawa baba, kifungueni leo. Nyinyi kama nyumbani mnataka ale kwa mkono wa kulia kwa adabu, mfundisheni taratibu, lakini penseli muacheni na mkono wake. Karatasi mlazieni juu yake ielekee kidogo kulia ili aone anachoandika, na akianza shule muombeni mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigongane na mwenzake.