Ameigiza, amecheza au ameuvaa uhusika?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu hapa Morogoro ni wapenzi wa tamthilia ya Andor, ile inayosimulia jinsi uasi dhidi ya Dola ulivyoanza katika ulimwengu wa Star Wars. Tulipomaliza kuitazama niliandika hivi: "Stellan Skarsgård amecheza vizuri sana kama Luthen, na muonekano wa tamthilia umenivutia." Mwenzangu mmoja alinisahihisha akisema kwamba wanaocheza ni watu wa mpira, waigizaji huigiza. Mwingine akadai kwamba "muonekano" si Kiswahili sanifu na kwamba, hata lingekuwa sanifu, neno hilo halitoshi kueleza kazi ya wabunifu. Je, nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Sentensi yako inaeleweka, na kila mmoja wa wenzako ana sehemu ya haki. Hata hivyo, neno lenye tatizo kubwa zaidi katika sentensi hiyo ni dogo na hakuna aliyeligusa, nalo ni "kama". Nitalifikia baada ya kuzungumzia kitenzi, kwa sababu mawili hayo yanategemeana.

Kuhusu "amecheza", mwenzako amekaza mno. Kiswahili hakikuanza leo kuhusisha kucheza na kuigiza. "Mchezo wa kuigiza" ndilo jina ambalo redio na shule zetu zimelitumia kwa miaka mingi, na anayecheza ngoma hatafuti goli. Waigizaji wa filamu za Kitanzania wenyewe husema "nimecheza filamu" bila wasiwasi wowote, na watazamaji wao huwaelewa. Kwa hiyo katika mazungumzo hukukosea hata kidogo. Katika maandishi ya uangalifu, hata hivyo, mimi ningechagua "ameigiza", kwa sababu "cheza" huandamana kwa urahisi na kiunganishi "na", na kikishaandamana nacho maana hugeuka. Ukiandika kwamba Skarsgård "amecheza na hisia za watazamaji", umekusudia sifa, lakini wengi watakaokusoma wataelewa kwamba amewafanyia watazamaji mzaha au amewahadaa.

Kitenzi "igiza" kimetokana na "iga" kwa kuongezewa mnyambuliko wa -iz-, ambao mara nyingi huleta maana ya kusababisha, lakini pengine huleta mkazo, kama tunavyoona katika "sikia" na "sikiliza". Anayesikia anaweza kuwa anapita tu, ilhali anayesikiliza ametega sikio kwa makusudi. Vivyo hivyo, mtoto anaweza kumwiga baba yake bila kujua, bali mwigizaji huigiza kwa kukusudia, kwa kupanga, na mbele ya watu wanaojua kwamba anaigiza. Kipengele hicho cha mwisho, yaani makubaliano kati ya anayetenda na anayetazama, ndicho kinachotenga "igiza" na kitenzi cha tatu kilicho jirani yake, "jifanya". Anayejifanya hataki ijulikane kwamba anajifanya.

Mhusika uliyemtaja anatufaa sana hapa, na nadhani ni mojawapo ya sababu zinazowafanya mashabiki wamzungumzie kuliko wengi wa wenzake. Luthen Rael ni kiongozi wa siri wa waasi ambaye, akiwa katika sayari ya Coruscant, hujifanya mwuza vitu vya kale mwenye bashasha na madaha. Kuna onyesho katika msimu wa kwanza ambamo tunamwona ndani ya chombo chake akivaa nywele za bandia na pete, kisha akijaribisha tabasamu atakalokwenda nalo dukani. Skarsgård anamwigiza Luthen, naye Luthen anajifanya mfanyabiashara. Vitendo hivyo viwili vinafanywa na uso mmoja kwa wakati mmoja. Mtu akiandika kwamba "Luthen anaigiza vizuri" amewachanganya wawili hao, kwa kuwa wateja wa Luthen hawajui kwamba wanatazama maigizo. Ukiandika kwamba "Skarsgård amemwigiza kwa ustadi mtu anayejifanya", umesema kwa maneno machache kile ambacho sifa ya jumla haiwezi kukisema.

"Iga" nayo ina mahali pake katika mjadala wa tamthilia hii. Mhusika Mon Mothma, seneta anayewasaidia waasi kwa siri, alionekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, ambamo aliigizwa na Caroline Blakiston. Miaka mingi baadaye nafasi hiyo ilipewa Genevieve O'Reilly, ambaye ndiye tunayemwona katika Andor. Mtazamaji akiona kwamba utulivu wa sauti na unyofu wa mabega wa O'Reilly vinafanana na vya mtangulizi wake, anaweza kuandika kwamba O'Reilly "anamwiga Blakiston ili amwigize Mon Mothma", na sentensi hiyo itakuwa sahihi kabisa, kila kitenzi kikiwa na mtu wake. Angalia pia kwamba nimeandika "amwigize", nikaweka kiambishi cha mtendwa. Wengi siku hizi huandika "anaigiza Mon Mothma" au "ameigiza Luthen". Mtendwa akiwa mtu anayetajwa kwa jina, hata mtu wa kubuni, sarufi yetu hutaka -m-: "anamwigiza Mon Mothma", kama tunavyosema "nimemwona Asha" wala hatusemi "nimeona Asha".

Sasa nifike kwenye "kama". Katika Kiswahili neno hilo kwanza ni la mlinganisho. Nikisema kwamba fulani anatembea kama askari, ninakuambia namna anavyotembea, na pengine yeye si askari. Kwa hiyo "Denise Gough ameigiza kama Dedra Meero" (Dedra ni ofisa wa usalama wa Dola katika tamthilia hii) inaweza kusomwa kuwa Gough ameigiza kwa namna ambayo Dedra angeigiza, au kwa namna inayofanana na ya Dedra, na tafsiri hizo mbili hazina maana yoyote katika jambo lako. Utaona pia kwamba sentensi inazidi kuyumba ukiweka sifa katikati, kama ulivyofanya: "amecheza vizuri sana kama Luthen" inamfanya Luthen kuwa kipimo cha uchezaji, kana kwamba Luthen naye aliwahi kucheza vizuri. Najua kwamba matumizi ya "kama" kwa maana ya wadhifa yameenea, tunasema "nazungumza kama mzazi", na sikusudii kuyapinga hayo. Lakini penye mwigizaji na mhusika, ambapo kufanana ndiyo kazi yenyewe, neno la mlinganisho huzaa utata usio wa lazima. Tunazo njia tatu safi za kuliepuka: "amemwigiza Luthen", "ameigiza nafasi ya Luthen" na "ameuvaa uhusika wa Luthen".

Njia ya tatu naipenda kwa namna ya pekee. Msemo wa kuuvaa uhusika umekomazwa na wasanii na watazamaji wa filamu za Tanzania, na unasema jambo ambalo "igiza" peke yake haisemi. Kuigiza ni kazi ambayo hata asiyeiweza anaweza kuifanya. Kuuvaa uhusika ni kuifikia hatua ambayo mtazamaji anamsahau aliyevaa. Kwa sababu hiyo msemo huu haufai kutumiwa kwa kila mwigizaji kwa ajili tu ya kupamba sentensi. Yule aliyeigiza kwa wastani aachiwe "ameigiza". Andy Serkis alipomwigiza Kino Loy, mfungwa msimamizi anayewafokea wenzake kwa imani kwamba kifungo chake kinakaribia kwisha, halafu akatambua kwamba hakuna anayeachiwa huru katika gereza lile, badiliko lile lilionekana machoni kabla halijafika mdomoni. Hapo ningeandika bila kusita kwamba ameuvaa uhusika.

Mashabiki wengi huteleza katika jambo jingine linalofanana na hili, nalo ni kumtaja mwigizaji palipostahili mhusika. "Fiona Shaw amekufa, nimelia sana" ni sentensi ya kutisha kwa asiyejua kwamba aliyekufa ni Maarva, mama mlezi wa Cassian Andor, mhusika mkuu wa tamthilia, na kwamba Bi. Shaw hakufikwa na lolote. Katika mazungumzo ya watu waliokaa mbele ya runinga moja hakuna hatari yoyote. Katika maandishi, matendo ya hadithi yapewe mhusika, na sifa au lawama za sanaa apewe mwigizaji.

Tuje kwenye "muonekano". Kuhusu tahajia, mwenzako wa pili yuko sahihi. Kiambishi m- cha umoja, kikitangulia irabu a, e, i au o, kwa kawaida huwa mw-: mwalimu, mwembe, mwimbaji, mwongozo. Kikitangulia u ndipo tunapopata mu-: muundo, muungano, muuguzi. Inawezekana kwamba maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowavuta watu waandike "muonekano" na "muigizaji", maumbo ambayo tunayaona hata katika mabango ya filamu. Sanifu ni "mwonekano" na "mwigizaji".

Kuhusu maana, naye pia anasema kweli, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa kazi ya ubunifu katika Andor ni kubwa mno kufichwa nyuma ya neno moja. Mwonekano ni kile kinacholifikia jicho la mtazamaji, ni matokeo. Walioyatengeneza matokeo hayo walifanya kazi zaidi ya moja, na kila kazi ina jina lake katika Kiswahili cha sanaa za maonyesho. Mahali na mazingira ya hadithi ni mandhari. Mji wa Ferrix, pamoja na ukuta ambao wafanyakazi hutundika glavu zao na mnara ambao mtu hupanda kugonga chuma ili kuashiria saa, ulijengwa kweli nchini Uingereza, mitaa kwa mitaa, chini ya usanifu wa Luke Hull. Haukuwa picha iliyorushwa juu ya skrini kubwa za LED nyuma ya waigizaji, mbinu iliyopata umaarufu kupitia The Mandalorian, tamthilia nyingine ya Star Wars, mwaka 2019. Anayetaka kuisifu kazi hiyo aseme "usanifu wa mandhari", maana usanifu ndilo neno tunalolitumia kwa anayechora na kupanga majengo, na Hull alifanya hivyo hasa.

Mavazi ya waigizaji huitwa maleba, neno ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi wa Kenya na Tanzania wanalifahamu vyema lakini huliacha darasani, jambo linalonisikitisha. Maleba si kisawe kamili cha mavazi. Sare nyeupe ya Dedra ni vazi lake la kazi ndani ya hadithi. Kwa Denise Gough sare hiyohiyo ni maleba, kwa kuwa yeye huivaa ili aonekane kuwa mtu mwingine. Kwa mujibu wa kigezo hicho, joho na nywele za bandia za Luthen ni maleba mara mbili, kwa Skarsgård na kwa Luthen mwenyewe. Mbunifu wa maleba hayo ni Michael Wilkinson, na mwaka 2025 tamthilia hii ilipata tuzo za Emmy, zile za televisheni za Marekani, kwa ubunifu wa maleba na pia kwa usanifu wa mandhari, kazi mbili zilizotambuliwa kila moja peke yake.

Ukiwa na maneno hayo unaweza kuonyesha jinsi sehemu moja ya ubunifu inavyoitegemea nyingine na inavyomsaidia mwigizaji. Katika gereza la Narkina 5, lile la Kino Loy, wafungwa hutembea bila viatu kwa sababu sakafu ni ya chuma na inaweza kutiwa umeme wakati wowote. Mandhari imeamua maleba, na maleba yameamua namna waigizaji wanavyokanyaga, wanavyosimama na wanavyoogopa. "Mwonekano wa gereza unavutia" haisemi hayo, tena "unavutia" ni neno la ajabu kwa mahali palipobuniwa ili patishe. Andika kwamba mandhari ya gereza inatia hofu, na utakuwa umewasifu waliolibuni.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Stellan Skarsgård ameuvaa barabara uhusika wa Luthen, hasa anapomwonyesha akijifanya mfanyabiashara, nami nimevutiwa na usanifu wa mandhari na ubunifu wa maleba." Ikiwa unaona ni ndefu, ondoa sehemu ya katikati inayoanza na "hasa", ila usirudishe "kama". Maneno "vizuri sana" nimeyaondoa kwa makusudi. Si kosa la lugha, lakini hayamweleweshi msomaji ni nini kilichokuwa kizuri, sauti, macho, ukimya au lafudhi, na Kiswahili kina vielezi vingi vinavyobeba mzigo huo: kwa utulivu, kwa ukali uliozuiliwa, kwa majonzi yaliyofichwa. Hebu jaribu kukieleza kwa "vizuri sana" kile alichokifanya Genevieve O'Reilly katika harusi ya binti wa Mon Mothma mwanzoni mwa msimu wa pili, anapocheza muziki katikati ya wageni huku moyo wake ukivunjika, utaona jinsi maneno hayo yanavyoishiwa nguvu.

Nimeona pia kwamba umeandika "tamthilia umenivutia". Ikiwa kilichokuvutia ni mwonekano, upatanisho ni sahihi, kwa maana u- ni wa mwonekano. Ikiwa ulikusudia tamthilia yenyewe, ngeli yake ni ya I-ZI: tamthilia hii imenivutia, tamthilia hizi zimenivutia. Wingi wa "matamthilia", ambao baadhi ya watu huutumia, hauhitajiki.